Kanda ya harusi ya 1994 imehamishiwa DVD ikatoka mbaya, nifanyeje?

SWALI: Habari fundi, mimi niko Tanga. Nilipeleka studio kanda ya VHS ya harusi ya wazazi wangu ya 1994, wakanihamishia kwenye DVD. Kanda ni ya masaa matatu na wameiweka yote kwenye diski moja. Picha ina vibox vibox, watu wakicheza zinatokea mistari kama chanuo pembeni ya mikono, na huku chini kabisa kuna ukanda unachezacheza. Kuna programu ya AI ya kusafisha hii DVD? Studio wanasema kanda nitupe tu, haina kazi tena.

JIBU: Dada yangu kanda usitupe! Hiyo ndo original yako, DVD uliyopewa ni kopi tu na kopi yenyewe imebanwa sana, kwahiyo ukianza kusafisha DVD unasafisha makosa ya studio sio picha ya harusi. Rudi kwenye kanda.

Tuanze na vibox. DVD ya kawaida ni GB 4.7, ukiigawa kwa masaa matatu unabaki na kama megabiti tatu na nusu kwa sekunde, na picha ya VHS imejaa chenga ambazo kwa kompyuta kila chenga ni kitu kinachotembea, inahangaika kuzihifadhi mpaka nyuso za watu zinakosa nafasi. Saa moja kwa diski inatoka safi, masaa mawili bado inavumilika, matatu hapana. Mwambie mtu wa studio akugawie diski mbili au tatu.

Mistari ya chanuo ni kitu kingine. Video ya PAL, mfumo wa TV tunaoutumia huku, ina fremu (picha kamili) 25 kwa sekunde ila kila fremu ni nusu mbili, mistari ya namba witiri na ya namba shufwa, zimechukuliwa kwa muda tofauti kidogo, sasa ukiangalia kwenye laptop nusu zote mbili zinaonekana kwa pamoja, mkono ukitembea unachanika. Ukiweka DVD kwenye deki na TV mara nyingi inapotea yenyewe. Ikiwa hata kwenye TV mtu anaruka mbele anarudi nyuma, basi studio wamegeuza mpangilio wa hizo nusu na hapo ni kurekodi upya. Kwa diski waziache nusu kama zilivyo, kwa faili ya simu au WhatsApp ndo waziunganishe, na watoe fremu 50 sio 25, kucheza kwa watu kunakuwa laini kabisa.

Ule ukanda wa chini ni wa kawaida kwenye VHS, ni pale kichwa kimoja cha deki (kile kinachosoma utepe) kinapompokea mwenzake, TV za zamani zilikuwa zinauficha nyuma ya ukingo wa kioo. Unafunikwa na weusi, basi.

Sasa ubora wenyewe unapatikana wapi? Kwenye deki, kabla hata kompyuta haijawashwa. Kwanza angalia kanda kwenye kidirisha chake, ukiona vumbi jeupe pembeni ya utepe hiyo ni fangasi, na kwa unyevu wa pwani yetu ni ugonjwa wa kawaida, USIIWEKE kwenye deki maana itachafua vichwa na kuambukiza kanda nyingine, mpe mtu anayejua kuifungua na kuisafisha. Kama ni safi, vunja kile kiplastiki cha mgongoni mtu asije akarekodi juu yake, ipeleke mbele mpaka mwisho halafu irudishe, utepe ukae sawa. Vichwa vya deki visafishwe, trakingi (inayolenga vichwa kwenye utepe) irekebishwe kwa mkono mpaka chenga zipungue, na ile shapnesi ya kukoleza kingo za picha izimwe au iwekwe katikati, inaongeza chenga tu.

Ukipata fundi mwenye deki ya S-VHS (toleo bora zaidi la VHS) yenye tundu la S-Video, linalopitisha rangi peke yake, mshike huyo huyo, inacheza VHS za kawaida na rangi hazichuruziki kama kwenye waya wa njano. Picha ikiwa inapinda au inatetemeka juu, apitishe kwanza kwenye rekoda ya zamani ya DVD, Panasonic DMR-ES15 inajulikana sana kwa hilo, inanyoosha mistari kabla haijafika kompyuta. Arekodi kwa 720 kwa 576 kwa mbano usiopoteza kitu (lossless), programu ya VirtualDub inatosha, faili inaweza kufika GB 30 kwa saa kwahiyo nenda na hadi diski (hard disk) yako. Kupunguza chenga na kurekebisha rangi vifanyike kwenye faili hilo, kidogo kidogo, DVD ije mwisho kabisa.

Kuhusu AI, kwa harusi ya wazazi mimi siishauri. VHS ina mistari kama 240 tu ya undani, sura ya mtu wa nyuma ukumbini ni madoa machache, na programu ikikosa undani inabuni, utaona bibi yako amepewa macho na meno ya mtu mwingine na wajukuu watakua wakijua ndo sura yake. Ukitaka kujaribu jaribu kwenye kopi, lile faili kubwa lisiguswe, liweke kwenye hadi diski mbili nyumba mbili tofauti, na kanda isimame wima kabatini mbali na jikoni na dirisha.