Stephenson hakuwa wa kwanza

Mkuu, umeuliza kama ni George Stephenson aliyevumbua garimoshi. Hapana. Februari 1804, huko Wales, injini ya mvuke ya mhandisi Richard Trevithick ilivuta tani 10 za chuma na watu wapatao 70 kwenye reli ya kiwanda cha Penydarren. Kilichoshindwa ni reli: zilikuwa za chuma cha kusubu, zikavunjika kwa uzito wa injini, wenye kiwanda wakarudia farasi.

Trevithick alithubutu kutumia mvuke wa shinikizo kubwa, jambo ambalo James Watt, mhandisi maarufu wa injini za mvuke, aliliona la hatari. Na Watt hakukosea sana, maana boila moja ya Trevithick ililipuka Greenwich, karibu na London, mwaka 1803 ikaua watu. Stephenson na mwanawe Robert walivuma baadaye, garimoshi lao Rocket liliposhinda mashindano ya magarimoshi ya Rainhill, Uingereza, mwaka 1829.