Maswali yenu: silanti, waksi na chumvi ya barabarani

Haya wadau, winta inanukia, chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani inakaribia kumwagwa, na maswali yenu ya kulinda rangi ya gari yamejaa, mengi yanafanana kwa hiyo yale ya aina moja nimeyaunganisha. Twende.

Nina kopo la waksi ya kanauba (nta ya mmea) na chupa ya silanti (dawa ya kulinda rangi), naanza na ipi?

Silanti kwanza bosi, waksi juu yake. Silanti ni polima ya kiwandani na ili ishike vizuri inataka kugusa klia yenyewe, yaani lile tabaka angavu la juu ya rangi, sasa ukitanguliza waksi yale mafuta yake yanakaa katikati, silanti inakosa pa kung'ang'ania na baada ya kuosha gari mara chache yote inaondoka. Waksi haina maringo, inakaa juu ya silanti bila shida na inaongeza ule mng'ao mzito. Ila tuseme ukweli, miezi ya chumvi anayefanya kazi ni silanti, kanauba inachoka mapema. Ukinilazimisha nichague moja ya winta, kanauba naiacha kabatini.

Halafu soma kopo vizuri, kuna waksi zina kompaundi ndani za kung'arisha rangi iliyofifia, hizo ukipaka juu ya silanti unaikwangua ile ile uliyohangaika nayo jana.

Nikishapaka silanti nasubiri muda gani ndo nipake waksi?

Inategemea chupa, zingine saa 1, zingine 12 mpaka 24. Kama maelezo hayaeleweki iache ilale usiku mzima mahali pakavu, isinyeshewe. Ila msichanganye, kukauka mpaka unaweza kuifuta ni kitu kimoja na kushika kabisa ni kitu kingine. Kujua kama iko tayari kufutwa pitisha kidole kwenye ule ukungu silanti inaouacha ikikauka: kikiacha mstari safi unaong'aa, chukua kitambaa cha maikrofaiba ufute, kikiburuza na kuacha uchafu uchafu wa mafuta, subiri kidogo. Na paka nyembamba jamani, mtu anapaka utadhani anasiliba nyumba halafu anakuja kulalamika mkono unauma kwa kufuta.

Rafiki yangu anapaka silanti tabaka tano, eti ndo ukuta wa chumvi. Ni kweli?

Tabaka la pili lina maana, manake la kwanza huwa unaruka sehemu bila kujua, pembeni ya vitasa, chini ya bampa, kwenye kona za boneti. Kuanzia la tatu sehemu kubwa ya dawa unaishia kuipeleka kwenye kitambaa, huo unene anaoufikiria haupo.

Huo muda wa tabaka tatu za ziada aupeleke kwenye maandalizi, hapa ndo watu wengi wanapoharibu. Osha gari ikauke, vaa mfuko wa plastiki mwepesi mkononi halafu pitisha vidole taratibu juu ya boneti na nyuma ya matairi, utashangaa, rangi unayoiona safi inakwaruza vidoleni kama ina mchanga. Ni vumbi la chuma la breki, lami, na takataka zilizoganda ambazo shampuu haizitoi. Anza na dawa ya kutoa chuma, ile inayogeuka zambarau ikikutana nayo, suuza, kisha pitisha klei, ule udongo laini wa kunasa uchafu ulioganda, na kilainishi chake mpaka mkono uteleze. Malizia kwa kufuta na spiriti iliyozimuliwa ili mafuta ya waksi ya zamani yatoke. Gari iliyoandaliwa hivyo ikapakwa silanti mara moja itadumu kuliko ya rafiki yako na tabaka zake tano juu ya lami.

Nimechelewa, nje ni nyuzi 4 na sina gereji. Nipake tu?

Hapo usipake. Makopo mengi yanataka nyuzi 10 kwenda juu, na bodi ikiwa ya baridi unyevu wa hewani unatua juu yake hata kama huuoni, kwa hiyo unapaka juu ya maji. Tafuta mahali pa kufunika kwa siku moja, au subiri mchana wenye afadhali. Ikishindikana kabisa tumia silanti ya kupulizia inayowekwa gari ikiwa imelowa halafu unasuuza, haidumu sana lakini ni bora kuliko bodi tupu.

Hizi tabaka zitazuia kutu?

Kwenye rangi nzima zinasaidia uchafu usigande. Ila kutu ya winta inaanzia chini, kwenye chesi, ndani ya madigadi, kwenye maungio na pale jiwe liliporuka likabandua rangi, na huko waksi yako haijafika. Maji yaliyokolea chumvi ya kawaida hayagandi mpaka karibu nyuzi 21 chini ya sifuri, yaani hata siku ya baridi kali yanaendelea kupenya kwenye vijinafasi. Na wale wa gereji yenye hita, ukiingiza gari imejaa chumvi ukailaza kwenye joto kutu inakimbia zaidi, ile kemia inapenda joto. Pigeni presha ya maji chini ya gari kila mnapopata nafasi, na vidonda vya rangi vizibwe kabla ya silanti.

Gari yangu ina seramiki (lile tabaka gumu la kudumu juu ya rangi), niongeze waksi?

Huna haja. Haiui seramiki, ila inaifunika na kuvuta uchafu zaidi.

Nitajuaje imeisha?

Osha kwanza, usihukumu gari chafu. Mwagia maji boneti, yakijikunja vitone na kukimbia bado ipo, yakitandaa na kulala hapo imekwisha au inakaribia. Na acheni sabuni ya vyombo, imetengenezwa kutoa mafuta na waksi ndo mafuta yenyewe, tumia shampuu ya gari isiyo kali. Theluji msiifagie na ufagio mgumu wala msikwangue barafu kwenye rangi, hapo unatoa silanti na klia pamoja.

Na rimu?

Silanti tu, waksi haipendi joto la breki. Vizuri zaidi upake ukiwa unabadilisha matairi ya winta, rimu imelala chini, unafika mpaka upande wa ndani ambako vumbi la breki linajazana.