Mafuta ya Nazi Ndani ya Mshumaa wa Soya: Maswali ya Wasomaji wa Tanga

Barua za safari hii zimetoka Tanga mjini, Pangani na Muheza. Vipimo vyote vya joto katika majibu ni vya Selsiasi, na uzito ni wa mizani.

SWALI: Assalaam aleikum. Natengeneza mishumaa ya glasi kwa nta ya soya ninayoagiza Dar es Salaam. Nimeambiwa mafuta ya nazi yanalainisha uso wa mshumaa na kuondoa yale madoa meupe yanayotokea pembeni mwa glasi. Kwetu mafuta ya nazi si kitu cha kutafuta. Nitie kiasi gani katika nusu kilo, na nitumie yapi, ya dukani au ya kupika mwenyewe? (Msomaji, Pangani)

JIBU: Wa aleikum salaam, dada. Wakati wa kusi tia gramu 25 za mafuta kwa gramu 475 za nta. Kaskazi ikishaingia punguza hadi gramu 15 kwa gramu 485. Kama mizani haipo, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya nazi kina gramu 14 hivi, lakini mtu anayeuza mishumaa anunue mizani kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Tunabana kiasi kwa sababu mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi. Maelekezo mengi yanayosema utie sehemu 10, hata 20, katika kila 100 yameandikwa kwa ajili ya nyumba za nchi za baridi, ambako chupa ya mafuta ya nazi hukaa kabatini imeganda kama samli. Pangani chupa hiyo ni majimaji karibu mwaka mzima. Nta ya soya ya kumimina kwenye glasi nayo ni laini, nyingi huyeyuka kati ya nyuzi 46 na 50. Ukiichanganya na kitu ambacho kwenu hakigandi kabisa, kila gramu unayozidisha inashusha joto la kuyeyuka, na mshumaa unaanza kulegea mchana kweupe bila kuwashwa.

Faida yenyewe ipo, na inapatikana kwa kiasi hicho kidogo. Nta ya soya ni mafuta ya soya yaliyogandishwa kiwandani kwa hidrojeni. Inapopoa hujipanga kwa chembechembe, na chembe zikikua sana ndizo zinazoonekana kama ukungu mweupe. Mafuta ya nazi yanavuruga mpangilio huo, chembe zinabaki ndogo, uso unatoka laini. Nta pia inashika glasi vizuri zaidi badala ya kujibandua na kuacha mabaka. Hapo ndipo kazi yake inapoishia. Hayaongezi mwanga, na anayekwambia yanaongeza harufu anakuuzia mafuta.

Tumia yaliyosafishwa, yasiyo na rangi wala harufu. Mafuta ya kupika kutoka kwenye tui yanabaki na maji kidogo na mashapo. Mashapo yanaziba utambi, moto unadumaa. Maji yanafanya moto utatarike na kurusha matone ya moto. Tena maji hayohayo yakikaa miezi ndani ya mafuta yanayachachisha, na mafuta ya nazi yaliyochacha hunuka sabuni, harufu ambayo hakuna manukato yatakayoifunika. Kama huna mengine, yapashe polepole mpaka nyuzi 105 hadi 110 na uyaweke hapo hadi vipovu viishe kabisa, chuja kwa kitambaa kizito cha pamba, yaache yatulie usiku kucha, kisha umimine ya juu tu. Yale ya chini rudisha jikoni.

Kuchanganya ni hivi. Weka nta na mafuta kwenye kopo, kopo ndani ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu. Usiweke nta moja kwa moja juu ya moto. Ifikishe nyuzi 80, epua, tia mafuta ya manukato gramu 30, koroga polepole dakika mbili nzima bila kupiga mapovu. Subiri ishuke hadi nyuzi 55 au 60, ndipo umimine. Kiasi hiki kinatosha glasi tatu za mililita 250, na nafasi ya kidole inabaki juu. Glasi ziwe kavu kabisa, na zikae mbali na feni mpaka kesho yake, maana upepo unagandisha upande mmoja haraka na uso unapasuka. Usiwashe kabla ya wiki moja. Mbili ni bora, kwa kuwa nta ya soya huendelea kukaza taratibu na harufu hujitokeza baadaye. Mshumaa uliowashwa siku ya pili usiutumie kuhukumu chochote.

Na nta ikishika moto, zima jiko, funika kopo kwa mfuniko. Maji yasikaribie.

SWALI: Mishumaa yangu inatoka jasho. Asubuhi iko sawa, ikifika saa nane mchana juu kuna matone ya mafuta, nikifuta yanarudi. Natia mafuta ya nazi sehemu 10 katika 100, na manukato sehemu 10. Chumba kina bati bila dari. Niliwahi kuitia kwenye friji, ikapasuka. (Msomaji, Makorora)

JIBU: Kaka, hesabu yako ndiyo inayotoa jasho, bati linasaidia tu. Nta inashika mafuta kwa kiasi chake, nayo haitofautishi mafuta ya nazi na mafuta ya manukato: yote mawili ni majimaji yanayotafuta nafasi katikati ya chembe zake. Wewe umeipa 20. Kwa joto la Tanga tunashauri jumla ya vyote viwili isizidi 10 au 11 katika 100. Ukitaka manukato 8, mafuta ya nazi yawe 2 au 3. Ukitaka mafuta ya nazi 5, manukato yashuke hadi 6. Unachagua, hupati vyote.

Matone unayofuta yana manukato ndani yake, kwa hiyo kila ukifuta unatupa harufu. Na usiuwashe mshumaa wenye dimbwi la mafuta juu. Mafuta yale yanaweza kushika moto uso mzima.

Hiyo iliyokwisha kutengenezwa usiitupe. Iyeyushe tena, uongeze nta tupu ya soya uzito uleule, yaani kilo moja ya mchanganyiko wa zamani kwa kilo moja ya nta mpya. Utapata nazi 5 na manukato 5, mshumaa wa harufu ya wastani ambao unauzika.

Kwa miezi ya Desemba hadi Machi unaweza kuukaza kwa nta ya nyuki, ambayo huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64. Katika gramu 500 weka nta ya soya 440, nta ya nyuki 40 na mafuta ya nazi 20. Nta ya nyuki iyeyuke kwanza, kwa kuwa ndiyo ngumu, halafu ndipo uongeze nyingine. Nunua iliyochujwa, ile ya mizingani yenye vumbi na mabawa ya nyuki inaziba utambi haraka. Mshumaa utakuwa na rangi ya manjano na kaharufu ka asali. Manukato mepesi kama ya ndimu yatamezwa hapo, ya karafuu na udi yatakaa vizuri. Wengine hutumia asidi ya steariki (chembe nyeupe ngumu za kukazia mishumaa) badala yake, gramu 10 katika 500, nayo haina harufu, lakini ikizidi mshumaa unakuwa mkavu na kurudisha madoa yaleyale uliyokuwa unayakimbia.

Friji hapana. Nta na glasi hazisinyai kwa kasi moja. Weka mishumaa kwenye boksi, chini sakafuni, chumba kisichopigwa na jua la mchana. Ukimtuma wa bodaboda, atoke kabla ya saa tatu asubuhi. Boksi lililoachwa ndani ya gari lililofungwa juani linapita nyuzi 50 bila shida, na hapo hakuna mchanganyiko wa soya utakaosalimika.

SWALI: Je, naweza kutia marashi ya mawaridi, au yale manukato ya kujipulizia? Nimefikiria pia kuloweka asumini na karafuu ndani ya mafuta ya nazi kama tunavyofanya mafuta ya nywele, halafu nitumie mafuta hayo kwenye nta. (Msomaji, Ngamiani)

JIBU: Marashi ya mawaridi ni maji yenye harufu. Hayachanganyiki na nta. Yatazama chini ya glasi, na moto ukiyafikia yatachemka na kurusha nta. Manukato ya kujipulizia yana spiriti nyingi, na spiriti juu ya kopo la nta ya moto ni hatari tupu. Vyote viwili viache.

Mafuta yaliyolowekwa maua ni jambo jingine. Hayana hatari ukiyachuja vizuri, ila utavunjika moyo. Harufu unayoisikia ukifungua kichupa ni kidogo mno, inatosha kichwani, karibu na pua yako. Ukiigawa gramu 25 hizo ndani ya nusu kilo ya nta haibaki kitu. Tumia mafuta halisi yaliyokenekwa, ya karafuu au mchaichai, gramu 20 hadi 25 katika 500, na mafuta ya nazi yabaki kuwa ya kulainisha tu. Karafuu nzima na maua makavu yasiwekwe juu ya mshumaa. Yanapendeza kwenye picha, kisha yanashika moto na kuwa tambi za ziada.

SWALI: Mshumaa wa soya na nazi unafaa umeme ukikatika? (Msomaji, Muheza)

JIBU: Unawaka, lakini ni ghali na mwanga wake ni mdogo, kwa sababu moto unakaa chini ndani ya glasi. Kwa giza nunua mishumaa ya kawaida ya dukani au taa ya sola. Huu ni wa sebule na wageni.

SWALI: Watalii wanapenda mshumaa ndani ya kifuu. Nimejaribu mara mbili: wa kwanza ulivuja, wa pili ukingo ulianza kuungua. Nifanyeje? (Msomaji, Pangani)

JIBU: Kuvuja kunatokana na macho ya nazi. Kati ya matatu, moja ni laini, lile ambalo mche huchipulia, na mafuta ya nazi yakiwa moto yanapita hapo kwa urahisi kuliko nta tupu. Tumia nusu isiyo na macho. Ipigwe msasa ndani mpaka nyuzi zote ziondoke, ikauke siku kadhaa, kisha ijazwe maji ikae usiku mzima. Ikilowana nje, usiitumie.

Kuungua ni tatizo kubwa zaidi, na hapa hatutakuficha: kifuu ni kuni. Mama zetu wanakiwashia jiko. Utambi ukiegemea ukingoni, au nta ikipungua na moto ukashuka karibu na ukuta, kitashika. Kupaka vanishi ndani kunazidisha ubaya. Kama mteja hataki kingine, fanya kifuu kiwe pambo la nje tu: tafuta glasi fupi nene au kikombe cha udongo kilichochomwa na kung'arishwa, kikae ndani ya kifuu, na nta imiminwe humo. Kifuu kibandikwe juu ya pete ya kukisimamishia kisipinduke. Mteja anapata sura anayoitaka, na moto haugusi kifuu.

SWALI: Nilibadilisha kitu kimoja tu, nikaongeza mafuta ya nazi, na utambi uleule niliouzoea umeanza kutoa moshi na kuota kichwa cheusi. Glasi imechafuka. Natumia utambi wa jiko la mafuta ya taa niliouchana. (Msomaji, Chuda)

JIBU: Mafuta ya nazi yanaifanya nta iliyoyeyuka kuwa nyepesi, nayo inapanda utambini haraka. Moto unapata chakula kingi kuliko unavyoweza kuunguza, kinachobaki ni masizi na kile kichwa. Kwa hiyo ukiongeza mafuta ya nazi, shuka saizi moja ya utambi. Ukiongeza nta ya nyuki, panda saizi moja, kwani yenyewe ni nzito na inayeyuka kwa shida.

Utambi wa jiko umetengenezwa kunyonya mafuta ya taa, si nta, na ukiuchana huwezi kupata unene uleule mara mbili. Tafuta utambi wa pamba uliosukwa. Usinunue wenye waya katikati usiojua ni wa madini gani; Marekani ilipiga marufuku tambi zenye waya wa risasi mwaka 2003 kwa sababu ya moshi wake. Utambi ulio mtupu uchovye kwanza kwenye nta ya moto, unyooshe, uache ukauke.

Kuchagua saizi, mimina glasi tatu za mchanganyiko mmoja, kila moja na utambi wake, zikae wiki mbili. Kata tambi zibaki milimita 5, washa zote pamoja mahali pasipo na upepo. Kwa glasi ya upana wa sentimita 7, nta iliyoyeyuka inatakiwa ifike ukingoni baada ya kuwaka kwa muda wa saa mbili na nusu hadi saa nne, na kina chake kisizidi sentimita moja na nusu. Ikifika mapema kuliko hapo, au glasi ikiwa ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, utambi ni mkubwa. Ikifikisha saa nne na bado pembeni kuna ukuta mgumu, ni mdogo, na utachimba shimo katikati mpaka ujizime. Zima baada ya saa nne, acha zigande, kata tena milimita 5, rudia mpaka glasi iishe. Sehemu ya chini ya glasi ndiyo inayodanganya: mshumaa uliowaka vizuri nusu ya juu unaweza kupasua glasi ukikaribia mwisho, kwani joto halina pa kwenda. Mwambie mteja auzime nta ikibaki kina cha sentimita moja.