Toa picha kwanza, fundi baadaye

Kama una Nokia 7610 kwenye droo, ile ya pembe mbili zilizochongoka na mbili za mviringo kama jani, usiipeleke kwa fundi kabla hujatoa picha zake. Nasema kwa uchungu. Yangu iliganda, nikaipeleka, fundi akaiflashi, yaani akaifuta na kuiwekea programu upya, bila kuniuliza. Iliwaka vizuri. Picha za harusi ya dada zilikuwa kwenye memori ya simu, zikaenda zote.

Simu hiyo ilitoka 2004, ya kwanza ya Nokia kuwa na kamera ya megapikseli 1. Kwetu vijana wa wakati ule, kuwa nayo ilikuwa fahari, hata kama vile vitufe vilivyopinda vilitutesa kuandika meseji.

Mwezi uliopita dada akanikabidhi ya kwake, imezima miaka mingi. Safari hii nilikwenda taratibu.

Nilianza na betri. Ni BL-5C, ileile ya redio ndogo na simu za tochi, kwa hiyo kuipata si tabu. Ya zamani iweke mezani uizungushe kwa kidole. Ikizunguka kama pia, imevimba, usithubutu kuichaji. Chaja tafuta ya Nokia yenye pini nene.

Ikiwaka, tuma picha kwa Bluetooth, moja moja. Tumia Android kupokea, maana iPhone haipokei faili kwa njia hiyo. Pekua memori ya simu na kadi pia, usidhani zote ziko sehemu moja. Kama simu haiwaki kabisa, chomoa kadi uitunze. Ni RS-MMC, fupi kama kadi iliyokatwa katikati, na inahitaji adapta ili iingie kwenye kisomaji cha kompyuta. Kompyuta ikikuomba uifomati, yaani uifute yote, kataa.

Kwenye ya dada nimemkuta mama. Amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, kifuu kimoja mkononi, mkono wa pili ameuinua kuzuia kamera, na anacheka. Hatuna picha nyingine ya mama akicheka. Ina pikseli 1152 kwa 864, nikaisafisha kwa ukubwa wa postikadi ikatoka safi. Usiikuze sana, uso utavunjika.

Zimebaki kama arobaini. Naendelea kuzituma usiku, watoto wakishalala.