Muulize Ami: Obama walimjua lini?

Wiki hii barua karibu zote ni siasa, sijui ni hili joto la kaskazi ama ni nini. Nimechagua tatu.

"Ami shkamoo. Juzi baada ya isha tulikaa barazani tukabishana mpaka kahawa ikaisha kwenye dele. Mmoja anasema Obama alipotokea tu 2004 Wamarekani wote walijua huyu ni rais, mwengine anasema uongo mtupu, alikuwa hajulikani. Tuamulie." – Msomaji, Mkomani, Lamu

Marahaba wanangu. Kila mmoja wenu ana nusu ya haki, ndio maana kahawa iliisha na nyinyi bado mnabishana.

Ile hotuba ilikuwa Boston, usiku wa tarehe 27 Julai 2004, mkutano wa chama cha Democratic wa kumpitisha John Kerry agombee urais. Kwetu ilikuwa ishakaribia alfajiri, watu wamelala fofofo. Na hata kule kwao stesheni zile tatu kubwa za tivii hazikuionyesha moja kwa moja usiku ule, kwa hivo wengi wanaoapa leo ati "mi nilimwona palepale" walimwona kesho yake kwenye habari. Wakati huo alikuwa seneta wa jimbo la Illinois tu, mtu wa bunge la mkoa tuseme, ndio anatafuta useneta wa taifa, ana miaka 42. Akasimama dakika kama 17 hivi. Akaanza na babake aliyekulia Kenya akichunga mbuzi na kusoma shule ya mabati, halafu akaingia lile neno lililomtoa, kwamba hakuna Marekani ya waliberali na Marekani ya wahafidhina, kuna Marekani moja, na kuelekea mwisho akajiita kijana mwembamba mwenye jina la kuchekesha. Ukumbi ukasimama. Mtangazaji mmoja akasema hewani usiku uleule kwamba ameshamwona rais wa kwanza mweusi. Kwa hivo huyo wa kwanza barazani hapo hakukosea.

Sasa huyo wa pili. Miaka minne tu nyuma, mwaka 2000, Obama huyuhuyu alijaribu ubunge Chicago dhidi ya Bobby Rush, mbunge aliyekuwepo, akapigwa zaidi ya mara mbili, yani akikata kura moja mwenzake ana mbili na chenji. Miezi michache baadaye akaenda mkutano wa chama chake Los Angeles, kufika uwanja wa ndege akodi gari, kadi ya benki ikakataliwa. Hebu mfikirie pale kaunta, na begi lake, watu foleni nyuma yake. Mkutanoni kwenyewe hakupata hata pasi ya kuingia ukumbini, akawa anaangalia hotuba kwenye skrini za nje, mwisho akaona isiwe taabu akarudi kwao kabla haujaisha. Mtu wa hivo nani angemwona rais?

Halafu lile jina. Mwaka 2001 baada ya yale mashambulizi ya Septemba kuna mtaalamu wa kampeni alimwambia waziwazi kwamba Obama na Osama zimekaribiana mno na sasa hawezi kubadilisha. Na jina lake la kati ni Hussein. Mi hili hunichekesha, manake hapa kwetu ukisimama Mkunguni mbele ya ngome ukaita "Hussein!" watageuka watu kumi, na Barack ni baraka tu, jina la mtoto yeyote wa jirani. Kule ndio likawa mzigo. Yeye akafanya akili, akalitaja mwenyewe mbele ya watu kabla hawajamtajia.

Na bahati ilikuwepo tusidanganyane. Kwenye mchujo wa chama chake wa ule useneta wa taifa, Machi 2004, walikuwa wagombea saba, tajiri aliyekuwa akiongoza akaangushwa na mambo ya talaka yake, na mpinzani wa chama kile chengine naye akajitoa Juni kwa mambo hayohayo ya talaka! Novemba Obama akapata asilimia 70. Kesho yake waandishi wakamuuliza urais wa 2008, akakataa katakata. Februari 2007, baridi kali Springfield, akautangaza.

Hata hapo wengi hawakuamini. Walisema ni mgeni mno, wengine wakauliza kama ni mweusi wa kutosha, na weusi wengi tu walikuwa bado kwa Hillary Clinton mpaka aliposhinda mchujo wa Iowa tarehe 3 Januari 2008, jimbo la weupe watupu karibu. Mi siku hiyo naikumbuka kwa sababu nyengine. Huku kwetu matokeo ya uchaguzi wetu wa 2007 yalikuwa yametangazwa tarehe 30 Disemba na nchi inaungua, tumejifungia ndani na redio, habari ya kwanza Eldoret, ya pili Iowa. Kile kichekesho cha kwamba Mjaluo atapata urais Marekani kabla ya Kenya, siku hiyo hakikumchekesha mtu.

"Ami, mbona 2006 alipokuja Kenya alipokewa kama rais na alikuwa seneta tu? Babangu alifunga kinyozi siku nzima asikilize redio." – Kijana wa Kisumu Ndogo, Malindi

Kwa sababu sisi tulimchagua kabla ya wao, hahaha. Agosti 2006 alikuwa na miezi 20 tu kwenye useneta, lakini Kogelo na Kisumu watu walijaa barabarani, yeye na mkewe wakapimwa ukimwi hadharani ili watu waache kuogopa. Ila walichosahau wengi ni kile alichosema Chuo Kikuu cha Nairobi, ufisadi na ukabila, bila kupaka mafuta, na serikali ya wakati ule ikanuna, msemaji wake akamjibu kwa ukali. Mgeni tuliyemwandalia pilau akatwambia nyumba yenu chafu. Mi nilimpenda zaidi hapo kuliko Boston, manake Boston alikuwa anaomba kura, Nairobi hakuwa na kura ya kuomba. Mwambie mzee pole kwa wateja wa siku ile.

"Ami, marehemu mamangu ameniachia kanga imeandikwa Hongera Barack Obama. Ni ya lini na niifanyeje?" – Binti wa Shela

Mungu amrehemu mamako. Hiyo ni ya ushindi wa Novemba 2008, wakati Kibaki alipotupa mapumziko tarehe 6. Ina sura ya Obama katikati na jina la kanga chini ni Upendo na Amani Ametujalia Mungu, sivyo? Angalia kama ni doti nzima haijakatwa. Ikiwa haijakatwa usiikate mwanangu, iweke na udi kidogo sandukuni. Yetu hapa nyumbani kipande kimoja kilibebea mtoto mpaka kikatoboka, cha pili kinafunika mkate wa mofa, sura ya rais imeungua kidogo pembeni.