Uliza Bibi: Sahani 12 Zimebaki Tano

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mama wa watoto wanne, mkubwa ana miaka 13 na mdogo minne, na mama mkwe tunaishi naye. Kabla ya Idd ya mwaka jana nilinunua seti ya sahani 12 za udongo, zina maua ya waridi na ukingo wa dhahabu. Leo zimebaki tano, na mbili kati ya hizo zimemeguka ukingo. Nimerudi dukani, za namna ile hazipo tena. Mume wangu anasema tununue za melamini yaishe. Mama mkwe hataki kulia plastiki. Ninunue kitu gani kitakachokaa?
Mama wa wanne, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, na umsalimie sana mama mkwe.

Hukuniambia hizo saba zilivunjikia wapi, lakini naamini hazikuvunjikia mezani. Nimekodisha vyombo vya harusi na hitima hapa Ngamiani, Tanga, kwa miaka 22. Kila mzigo ukirudi nauhesabu mbele ya aliyekodi, naandika kwenye daftari. Sahani iliyomponyoka mtu akiwa anakula ni ya nadra. Zinaumia kwenye beseni, zimetupwa humo pamoja na sufuria, upawa na kisu, au kwenye kichanja, au zikipangwa bila kuangaliwa. Baada ya harusi moja mwezi uliopita niliinua rundo la sahani 20, nikakuta kijiko cha chai kimelala katikati. Sahani iliyokikalia ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, kutoka katikati mpaka ukingoni, na bizari ilishaingia ndani ya ule ufa ukawa wa njano. Kumi zilizokuwa juu yake zote zilikuwa zimelemea kijiko kimoja. Sahani ya namna hiyo siirudishi kwenye mzigo hata kama bado inakaa na mchuzi, maana ufa haupigwi dodoki ukatakata, na siku yoyote itaachana mikononi mwa mtu na chakula cha moto.

Kwa hiyo nunua sahani nyeupe za hoteli. Ni zile nene, hazina ua wala mstari, ukingo wake umeviringwa mviringo kama mdomo wa chungu. Ukingo mwembamba ndio unaomeguka kwanza. Ule mnene unagongana na mwenzake na hakuna linalotokea. Wenye migahawa hununua hizo kila mwaka, kwa hiyo muuzaji wa jumla huwa nazo mwaka huu na mwakani. Nunua moja moja, usinunue seti. Ninyi ni saba, chukua kumi. Ikivunjika moja unaenda kuchukua moja, na meza yako haitaonekana kama ya watu waliookoteza. Kosa la ile seti ya waridi lilikuwa hapo hapo: siku iliyovunjika ya kwanza haikuwa na mwenzake wa kuijaza.

Chagua zenye kina kidogo. Chakula chetu kina mchuzi: maharage, mlenda, samaki wa nazi. Sahani bapa inamlazimisha mtoto wa miaka minne kumwaga.

Sasa ukiwa dukani. Hapa kwetu kila sahani inayovunjika tunaiita ya udongo, lakini udongo una daraja. Ule wa bei ya chini unachomwa kwa moto mdogo, unabaki na vitundu ndani kama mtungi, na ukimeguka unakunywa maji. Ule wa daraja la juu, unaoitwa kaure, unachomwa karibu nyuzi 1,300 mpaka unashikana kama jiwe. Wewe huna haja ya kuuliza nyuzi. Kalisha sahani juu ya ncha za vidole vitatu, usiishike ukingo, kisha igonge kwa kifundo cha kidole. Nzuri inalia ngiii na sauti inakaa. Inayosema ko ikanyamaza, ama ina ufa usiouona, ama ni ya udongo laini, irudishe. Halafu ipindue. Chini kuna duara la kukalia ambalo halikupakwa ile ngozi ya kung'aa. Tia tone la maji pale ukilitazama. Likikaa juu kama umande, chukua. Likinywewa, acha. Pitisha kidole kwenye duara hilo hilo, na likiwa linakwaruza kama msasa jua kwamba kila utakapozipanga litakuwa linaichuna sahani ya chini yake. Mwisho ilaze kifudifudi juu ya kioo cha kaunta uibonyeze pembeni. Inayocheza imepinda na haitakaa vizuri kwenye rundo. Muuzaji akikunja uso, mwache akunje. Mimi nagonga zote, hata zikiwa 100.

Ile dhahabu ukingoni usiitamani tena. Inafutika kwa kusuguliwa, na kwenye maikrowevu inatoa cheche. Na maua pia, pitisha ukucha juu yake: ukihisi ua limeinuka, limebandikwa juu ya ngozi, na litakuwa linaisha kidogo kidogo ndani ya chakula. Rangi nyingine zina risasi, ile madini, na ndimu na ukwaju huzitoa haraka. Kwa watoto wadogo sitaki hata kulifikiria. Hizo tatu zilizobaki nzima ziweke za kuwekea matunda makavu au mkate wageni wakija, na mbili zilizomeguka zitoe jikoni kabisa.

Kuhusu melamini, mama mkwe hajakosea: ni plastiki, ngumu tu. Mume wako naye hajakosea, maana haivunjiki kirahisi. Mimi ninazo, nazitumia kwa matunda, mkate, kachumbari na vitafunwa vya watoto. Uji unaotokota na mchuzi unaotoka jikoni sivitii humo. Taasisi ya Ujerumani inayopima usalama wa vyakula inashauri melamini isipate moto wa zaidi ya nyuzi 70, kwa sababu hapo inaanza kuachia kemikali zilizoiunda, na mwaka 2011 Umoja wa Ulaya uliweka sharti kwamba zile zinazotoka China na Hong Kong ziingie na karatasi za vipimo. Uji wetu unamiminwa ukiwa na moto kuliko huo. Maikrowevu ndiyo kabisa isiione. Na dada wa kazi asiisugue kwa stiliwaya: siku ile ngozi yake ikipoteza mng'ao na kushika njano ya bizari, muda wake umekwisha, itupe.

Sahani za glasi nyeupe, zile zilizoimarishwa kwa moto, ni nyepesi na zinastahimili. Lakini zikifa hazifi vipande viwili. Bakuli langu moja lilipasuka lenyewe kabatini usiku, nadhani kwa mkwaruzo uliopata siku za nyuma, na punje zake niliziokota chini ya friji kwa wiki mbili. Nyumba yenye mtoto anayetambaa au anayekwenda peku, mimi nasita.

Kitu ambacho hukukiuliza ni sinia. Nunua moja la chuma kisichoshika kutu, kubwa, na siku za wali watoto wote wanne wale pamoja mkekani. Unaosha chombo kimoja badala ya vinne, na mkubwa anajifunza kumsogezea mdogo kipande cha nyama. Ukienda kulinunua beba sumaku ndogo. Chuma chenye nikeli ya kutosha, yale madini yanayochanganywa humo kukisaidia kisishike kutu, kwa kawaida sumaku haikishiki, au inakishika kidogo sana. Kipimo hiki hakimalizi mambo yote, lakini sinia linalovutwa kwa nguvu, kwa maji yetu ya visima vya chumvi hapa pwani, nimeliona likitoa madoa ya kutu.

Kisha panga uoshaji. Bilauri na vikombe kwanza, sahani baadaye, moja moja, sufuria mwisho na kwenye karai lake. Vijiko na visu visilale chini ya maji ya povu pamoja na sahani. Kama unaoshea juu ya sakafu ya simenti, tandika kanga chakavu chini ya beseni na nyingine ndani. Mtoto wa miaka 13 anaweza kazi hii vizuri akionyeshwa mara moja kwa upole. Akifokewa anaharakisha, na hapo ndipo zinapovunjika.

SWALI: Shikamoo Bibi. Nyanya yangu aliniachia vikombe sita vya bati, vyeupe na mstari wa buluu. Vingine vimechubuka. Naoa mwezi ujao na ningependa tuvitumie. Vinafaa?
Kijana wa Likoni, Mombasa

JIBU: Marahaba mjukuu wangu, na Mungu akujaalie ndoa ya heri. Ule weupe ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma, ndiyo maana nyanya yako alivitumia miaka yote hiyo na bado vinang'aa. Vitazame kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha. Kilichochubuka nje, chini au kwenye mkono, kinywee chai bila wasiwasi, ila kikaushe vizuri usikiache na maji usiku. Kilichochubuka ndani au kwenye mdomo usikinywee: chuma kitashika kutu, na kioo cha pembeni ya mchubuko huendelea kubanduka vipande vidogo vikali. Hicho kifanye cha kupimia mchele. Usiviteleke jikoni vikiwa vitupu na usivimwagie maji baridi vikiwa vya moto, kwani hapo ngozi hupasuka. Na mkeo akivikuta, mwambie ni vya nani.