Meza ya maji: kwa mnaoanza kazi ya kutafsiri

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya tafsiri hapa Kigoma, nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilipewa ripoti ya wachimba visima niisome kwa Kiswahili kwenye mkutano wa kijiji, upande wa Kasulu. Nikafika penye "water table", nikatamka kwa kujiamini kabisa: "Meza ya maji iko mita 40." Kimya. Mzee mmoja aliyeketi mbele akanyoosha mkono. "Mwanangu, hiyo meza mtaileta lini, na ni ya mbao gani?" Watu wakavunjika mbavu. Mpaka leo nikipita kijiji kile naitwa Bwana Meza, na naitika.

Ilinipasa kusema tu kwamba maji tutayakuta mita 40 kwenda chini. Neno lile halitaji kitu, linataja usawa: kuanzia hapo kushuka, kila upenyo katika udongo na mwamba umejaa maji. Usawa huo hupanda wakati wa mvua na kushuka kiangazi, ndiyo maana kisima kifupi kinachotoa maji mwezi Machi huweza kukauka Septemba. Kwenye karatasi ya mhandisi andika "usawa wa maji ya ardhini". Mkutanoni, taja mita na taja mwezi zilipopimwa. Wanakijiji wanataka kujua hayo mawili.

"Table" tumefundishwa tukiwa watoto, na hapo ndipo linapotuponza. Neno gumu utalifungulia kamusi. Hili la sebuleni unalipita mbio.

Asili yake ni Kilatini, tabula, yaani ubao. Ukiushika huo ubao, mengine yanajipanga. Ubao wenye miguu ni meza, neno tulilolichukua kwa Wareno. Ubao wa mistari na namba ni jedwali, nalo tulilipata kwa Waarabu. Zile mbao za mawe za Musa, Biblia ya zamani ya Kiingereza inaziita "tables". Hata "tablet", kidonge, maana yake ya mwanzo ni kibao kidogo, kwa hiyo nesi anapokuambia umeze vidonge, pana kichekesho ambacho Mwingereza hawezi kukiona. Na "turn the tables", usemi uliotoka kwenye michezo ya ubao, sisi tunao wetu tayari: kibao kimegeuka. Sijapata tena tafsiri iliyokuja bila jasho namna hiyo.

Jedwali lina mtego wake. Katika ripoti ya takwimu ni "table", sawa. Lakini ukitafsiri sheria zetu kwenda Kiingereza, Jedwali la Kwanza ni "First Schedule". Ukiandika "First Table", mwanasheria atakurudishia kazi yote hata kama kurasa nyingine ziko safi.

Sasa kitenzi, ambacho ndicho kimenitoa jasho zaidi ya kisima. Kwa Waingereza, "to table" hoja ni kuileta ijadiliwe. Bunge letu limefuata njia hiyo, ndiyo maana husikia hati "zilizowasilishwa mezani". Kwa Wamarekani ni kinyume: hoja inawekwa kando, huenda isiguswe tena. Winston Churchill aliandika kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili maofisa wa pande hizo mbili walibishana muda mrefu juu ya neno hili, kumbe wote walitaka jambo lilelile lijadiliwe. Mimi nami, kwenye kikao kimoja cha mradi, niliandika kwenye muhtasari kuwa bajeti ya vyoo "imewasilishwa mezani". Msemaji alikuwa Mmarekani. Bajeti ilikuwa imeahirishwa, na fundi mmoja alikuwa ameshaanza kuulizia bei ya saruji. Tangu siku ile nanyoosha mkono na kuuliza: tunaijadili leo, au tunaiweka kando? Wakubwa hukunja uso kidogo. Waache wakunje.

Mengine ni mepesi. "Timetable" ni ratiba, iwe ya shule au ya treni ya Tabora. "Times table" ni jedwali la kuzidisha, ila watoto watakuambia tebo. "Table Mountain" kule Cape Town ni Mlima Meza, kwa kuwa kilele chake kweli kiko bapa. "Table manners" niliwahi kuandika "adabu za mezani" kwenye kipeperushi cha familia zinazokulia mkekani. Siku hizi naandika adabu za kula.

Na "table salt"? Kwenye kifurushi cha dukani, chumvi ya mezani inapita. Lakini tuko mkoa wenye Uvinza, ambako watu wamechemsha maji ya chumvi tangu kabla ya reli. Mama mmoja sokoni aliisoma karatasi yangu iliyokataza "chumvi ya mezani", akaniuliza kama ile anayotilia mchuzi jikoni nayo hairuhusiwi.